Ganzi Ilianzia Wapi? Namna Neva za Pembeni Zinavyoharibika

Daktari anayejua kazi yake, ukimwambia una ganzi, hakuulizi kwanza ni kali kiasi gani. Anakuuliza ilianzia wapi, na sasa imefika wapi. Ni nyayo zote mbili kwa pamoja? Ni vidole vitatu vya mkono wa kulia, tena usiku tu? Au ni doa moja la ngozi mgongoni ambalo hata ukichomwa sindano huhisi kitu? Hayo ni magonjwa matatu tofauti yenye visababishi tofauti na tiba tofauti, na hata kabla ya kipimo chochote cha maabara mwenye uzoefu ameshapunguza orodha ya washukiwa. Kwetu huku wengi hawalipati swali hilo. Wanaingia duka la dawa, wanasema miguu inakufa ganzi, wanapewa vidonge vya vitamini B, na mwezi ujao wanarudi kununua vingine.

Neva za pembeni, au mishipa ya fahamu kama wengi tunavyoiita, ni zile zote zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo. Zipo zinazopeleka amri kwenye misuli, zipo zinazorudisha habari za mguso, joto, baridi na maumivu, na zipo zinazofanya kazi bila sisi kujua: jasho, mapigo ya moyo, mwendo wa tumbo, kibofu. Neva moja kubwa, mfano ile inayopita nyuma ya paja, ni fungu la maelfu ya nyuzi za aina zote hizo.

Linaloshangaza zaidi ni urefu wake. Uzi unaohisi ncha ya kidole gumba cha mguu ni sehemu ya seli moja tu. Kiini cha seli hiyo kiko kiunoni, pembeni mwa uti wa mgongo, na mkono wake mrefu, yaani akzoni, unashuka kupitia nyonga, paja na muundi hadi kidoleni. Kwa mtu mzima huo ni mwendo wa karibu mita 1, ndani ya uzi mwembamba kuliko unywele. Watu hupenda kuifananisha neva na waya wa umeme, na mfano huo unasaidia kidogo, maana nyuzi nyingi zina ganda la mafuta liitwalo mayelini, linalosokotwa na seli za Schwann, ambalo huufanya ujumbe uende kasi. Nyuzi zenye ganda nene hupeleka ujumbe mita 50 na zaidi kwa sekunde. Zile zisizo na ganda, zinazobeba joto na yale maumivu ya kuunguza, huenda mita 1 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana ukijikwaa unajua umejikwaa kabla yale maumivu mazito hayajawasili.

Lakini waya hauli, na hapo ndipo mfano unapokufa. Akzoni ni kitu hai kinachotaka chakula. Karibu kila protini inayohitajika kule kidoleni hutengenezwa kiunoni, kwenye kiini, kisha husafirishwa. Shehena ya haraka huenda kama sentimita 40 kwa siku, kwa hiyo hufika kidoleni siku ya tatu. Shehena ya taratibu, ile ya malighafi inayojenga mwili wa akzoni yenyewe, hutambaa milimita chache tu kwa siku na huchukua miezi mingi njiani. Chochote kinachodhoofisha usafiri huo, kiwe sumu, njaa, ukosefu wa hewa au sukari, kitaonekana kwanza mwisho wa njia. Kidole gumba cha mguu ndicho kilicho mbali kuliko vyote.

Sasa unaelewa kwa nini kisukari kinaanzia miguuni. Hadi nusu ya watu wanaoishi na kisukari hatimaye hupata uharibifu wa neva, na ramani yake karibu haibadiliki: vidole vya miguu yote miwili, halafu nyayo, halafu vifundo, halafu muundi, taratibu, kwa miaka. Ikikaribia magoti, ncha za vidole vya mikono nazo huanza. Pima mwenyewe: kutoka kiunoni hadi chini ya goti na kutoka shingoni hadi ncha za vidole vya mkono ni urefu unaokaribiana. Mgonjwa anaishia na eneo lililokufa ganzi ambalo soksi na glovu zingelifunika barabara.

Sukari iliyozidi huharibu kwa njia zaidi ya moja. Inaziba na kunenepesha mishipa midogo ya damu inayoilisha neva. Ndani ya neva yenyewe, sukari ya ziada hugeuzwa kuwa sorbitoli, kitu cha jamii ya sukari, na kuvuruga kemia ya seli, na mitambo midogo inayozalisha nishati huchoka. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya 1, matokeo yake yakatolewa mwaka 1993, ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari kwa ukali kulipunguza ugonjwa huu wa neva kwa karibu asilimia 60. Kwa aina ya 2, ambayo ndiyo ya wengi, faida ipo ila ni ndogo zaidi, kwa sababu huko shinikizo la damu, unene na mafuta ya damu navyo vina mkono wake.

Ugonjwa huu una sura mbili, na kwa maoni yangu tunaiogopa isiyostahili. Sura ya kwanza ni ya maumivu: nyayo zinawaka moto usiku, zinachomachoma, hata uzito wa shuka haubebeki. Huyu analalamika, anakwenda hospitali, anasikilizwa. Sura ya pili haina malalamiko. Nyuzi zilizokuwa zikipiga kelele zimekufa, mtu anasema namshukuru Mungu ule moto umepoa, na hapo hatari ndiyo kwanza imeanza.

Kipimo cha hali hiyo hakigharimu kitu. Ni uzi wa nailoni uliofungwa kwenye mpini mdogo, uliotengenezwa kwa namna kwamba ukiukandamiza unapinda kwa nguvu ya gramu 10. "Babu, fumba macho. Kila ukihisi nakugusa, niambie." Muuguzi anaugusisha uzi chini ya kidole gumba, unapinda, anautoa. Anagusa chini ya vidole, unapinda, anautoa. Mzee yuko kimya. Anagusa mara ya tatu upande wa nje wa unyayo. Mzee, macho bado kafumba, anasema, "Haya, anza basi mwanangu."

Mguu huo unaweza kutembea na kizibo cha soda ndani ya kiatu kutwa nzima. Unaweza kuwekwa karibu na jiko la mkaa ukaungua, au ukatumbukizwa kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, ile tiba ya nyumbani ambayo kila mtu atakushauri ukimwambia miguu imekuwa mizito. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha taarifa kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Mtu anakuja kugundua asubuhi, kwa damu kwenye shuka. Tena zile neva za jasho nazo zimekufa, kwa hiyo ngozi inakauka, magaga yanapasuka kisigino, na kila ufa ni mlango wa wadudu. Kidonda kisichouma hakipumzishwi. Mtu anakikanyaga, kinachimbika hadi kwenye mfupa, na familia inakuja kushtuka tayari ni donda ndugu na daktari anazungumzia kukata.

Ushauri unaotokana na hayo ni wa kuchosha kuusikia, lakini ndio unaookoa miguu: kagua nyayo kila siku, na kama mgongo haukuruhusu kuinama tumia kioo au mjukuu, kung'uta kiatu kabla ya kuvaa, maji yapimwe kwa mkono wa mtu mwingine mwenye hisia nzima.

Ule uzi wa gramu 10 una asili ambayo wengi wanaoutumia hawaijui. Ulitoka kwa wagonjwa wa ukoma. Daktari Paul Brand, mpasuaji aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, ndiye aliyewathibitishia wenzake kwamba bakteria wa ukoma hawali vidole. Vidole hupotea kwa sababu mwenye navyo hahisi: anashika sufuria la moto, anajikata, anapigilia mikono kazini siku baada ya siku bila onyo la maumivu. Baadaye Brand alihamia hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana, na ni huko, miaka ya 1980, ilipopatikana ile alama ya gramu 10 kuwa mpaka wa hisia inayoulinda mguu. Waliolengwa kwanza walikuwa watu wachache waliosahaulika. Leo kliniki za kisukari duniani kote zinaishi kwa kipimo chao.

Kabla sijaufikia ukoma wenyewe, kuna washukiwa wengine wanaochora ramani ileile ya soksi. Kifua kikuu ni mfano. Isoniazidi, moja ya dawa zake za msingi, huingilia matumizi ya vitamini B6 mwilini, na kuna watu ambao ini lao huiondoa dawa hiyo polepole kwa kurithi, hivyo hudhurika zaidi. Ndiyo sababu ya kile kidonge kidogo cha pairidoksini, yaani B6 yenyewe, unachopewa pamoja nayo, ambacho wengine hukiacha wakidhani ni cha kupamba tu. Dawa za kufubaza VVU nazo zina historia hapa. Kwa miaka mingi stavudini ilikuwa ndani ya vidonge vya bei nafuu vilivyookoa maisha ya watu wengi mno Afrika, lakini iliwaachia wengi wao miguu inayowaka moto. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziiache. Walioitumia bado wapo mitaani, na baadhi yao moto huo haukuzimika hata baada ya kubadilishiwa dawa. VVU vyenyewe pia hudhuru neva. Vinkristini, dawa ya saratani wanayopewa hata watoto wenye uvimbe wa Burkitt, hufanya hivyo kwa kuvuruga zile reli ambazo shehena hupita ndani ya akzoni. Gongo na chang'aa huharibu kwa sumu na kwa njaa, maana mnywaji wa kila siku huacha kula na vitamini B1 humwishia.

Halafu kuna vile vidonge vya duka la dawa. Upungufu wa B12 kweli huharibu neva, na huharibu na uti wa mgongo pia. Hutokea kwa mtu asiyekula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama, kwa mtu ambaye tumbo lake halifyonzi, na kwa mgonjwa wa kisukari aliyetumia metfomini kwa miaka mingi. Huyo akipewa B12 anapata nafuu, na akicheleweshwa anabaki na kilema. Lakini mchanganyiko wa B1, B6 na B12 unauzwa kwa kila ganzi, hata ya mfupa wa shingo, hata ya ukoma. Na B6 ikizidi, kwa dozi kubwa kwa muda mrefu, yenyewe husababisha ganzi ya miguu na kuyumba. Nimewahi kumsikia mtu akijivunia kwamba anameza mara mbili ya kipimo ili ganzi iishe upesi. Alikuwa analipia ugonjwa anaoutibu.

Ukoma hauendi kwa urefu. Unafuata baridi. Bakteria wake, aliyegunduliwa na Armauer Hansen huko Norway mwaka 1873, hupendelea sehemu za mwili zilizo na joto pungufu kidogo, na huingia moja kwa moja ndani ya seli za Schwann, wale wasokotaji wa ganda. Kwa hiyo huvamia ngozi, ndewe za masikio, pua, na neva pale zinapopita juujuu: nyuma ya kiwiko, kwenye kifundo cha mkono, nje ya goti, nyuma ya kifundo cha mguu, usoni. Alama yake ya kwanza mara nyingi ni baka lililopauka au lenye wekundu, lisilowasha, lisiloota nywele vizuri, na ambalo ukiligusa kwa pamba mtu haoni tofauti kati ya kuguswa na kutoguswa. Mtaalamu atapitisha vidole nyuma ya kiwiko na kuikuta neva imenenepa, ngumu, inauma ikibonyezwa. Hakuna magonjwa mengi yanayokuruhusu kuishika neva iliyougua kwa mkono wako.

Tiba ya mchanganyiko wa rifampisini, dapsoni na klofazimini ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, na tangu 1995 hutolewa bure. Inaua bakteria haraka kiasi kwamba mgonjwa huacha kuambukiza mapema sana. Tatizo ni kwamba neva mara nyingi huumizwa na kinga ya mwili wenyewe inapoyashambulia masalia ya bakteria, wakati mwingine dawa zikiwa zimeshaanza au hata zimekwisha. Mkono unaolegea ghafla au jicho linaloacha kufumba kwa mgonjwa wa ukoma ni dharura ya kupewa prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga na uvimbe, si jambo la kusubiri tarehe ya kliniki. Vituo kama Buluba na Kumi nchini Uganda, au Alupe huko Busia, vilijengeka juu ya maarifa haya. Wagonjwa wamepungua, na ni vizuri, ila wanaojua kuitafuta neva nyuma ya kiwiko nao wanapungua.

Kuna ramani ndogo zaidi, za neva moja iliyobanwa mahali pamoja. Ile inayopita katikati ya kifundo cha mkono hubanwa chini ya utando mgumu, na mwenye nayo huamka usiku akikung'uta mkono. Ganzi hushika kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Nusu kamili: upande unaotazama kidole cha kati umekufa, upande unaotazama kidole cha mwisho unahisi vizuri. Mgonjwa akikuonyesha mgawanyiko huo kwa kalamu kwenye kidole chake mwenyewe, huhitaji kumpiga picha ya shingo. Wajawazito hupata sana na wengi hupona baada ya kujifungua. Wasusi, washonaji na wanaofua kwa mkono kutwa hupata. Wenye kisukari hupata kirahisi zaidi kwa sababu neva yao ilishadhoofika. Kibao cha kuunyoosha mkono usiku huwasaidia wengi, na upasuaji wa kuukata ule utando ni mdogo.

Ikiwa kilichokufa ni kidole cha mwisho na nusu nyingine ya cha pete, mbano uko kwenye kiwiko. Ikiwa unyayo hauinuki, ncha ya kandambili inakwaruza chini kila hatua, mara nyingi mbano uko nje ya goti, pale neva inapouzunguka mfupa chini ya ngozi tu. Kukaa umekunja nne kwa saa nyingi, kuchuchumaa shambani siku nzima, au plasta ya mguu iliyofungwa ikabana, vyote vinatosha.

Ya usoni inaleta taharuki kuliko zote. Mtu analala mzima, anaamka mdomo umepinda na jicho halifumbi. Pwani watasema jini kampiga kofi, bara watasema ni upepo, na wote wanaogopa kiharusi. Mwambie akunje kipaji cha uso, aangalie juu. Kama nusu ya kipaji imebaki laini bila mikunjo, na hakuna mkono wala mguu uliolegea, kwa kawaida ni neva ya uso yenyewe iliyovimba ndani ya tundu lake kwenye fuvu. Kiharusi mara nyingi huacha kipaji kikikunjika, kwa sababu sehemu hiyo hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Hayo yasikufanye ubaki nyumbani, kwa kuwa prednisoloni husaidia ikianzwa ndani ya saa 72, na kuamua kipi ni kipi ni kazi ya daktari. Watu 7 hivi kati ya 10 hupona kabisa hata bila dawa, jambo ambalo waganga wa makombe wamelifaidi kwa karne nyingi. Wanachosahau ni jicho: lisilofumba hukauka na kupata kidonda, kwa hiyo linahitaji matone mchana na kufungwa usiku.

Ugonjwa wa Guillain-Barré hauchagui umbali, baridi wala mbano. Hapa jeshi la mwili lenyewe linazigeukia neva zote kwa siku chache. Unaitwa kwa majina ya madaktari wa jeshi la Ufaransa waliowaeleza askari wawili mwaka 1916, katikati ya vita, ingawa mwenzao wa tatu, Strohl, jina lake limeachwa njiani. Theluthi mbili ya wagonjwa walikuwa na kuhara au mafua wiki chache kabla. Bakteria wa kuhara aitwaye Kampilobakta ana sukari kwenye ngozi yake zinazofanana mno na zile zilizo juu ya neva, na kinga inayomwandama hujikuta inapiga nyumbani. Udhaifu hupanda kutoka miguuni: leo kapanda ngazi kwa shida, keshokutwa hawezi kusimama. Daktari akigonga goti kwa nyundo, mguu hauruki. Karibu robo ya wagonjwa hufika mahali pa kuhitaji mashine ya kupumulia. Wengi hutembea tena, kwa kuwa mara nyingi lililoharibiwa zaidi ni ganda, na ganda husokotwa upya. Dawa zake, sindano za imunoglobulini (kingamwili kutoka damu ya watu wengine) au kubadilishiwa plazma (yale maji ya damu), ni ghali na hazipo kila mkoa. Lakini hata bila hizo, mgonjwa aliyepelekwa mapema penye mashine ya kupumulia ana nafasi kubwa. Aliyezungushwa kwa wiki moja akitafutiwa aliyemloga hana.

Jeraha la moja kwa moja lina kanuni zake. Mwaka 1850 Augustus Waller alikata neva za ulimi wa chura na kuangalia kwa darubini: sehemu iliyotenganishwa na kiini ilikufa yote hadi mwisho, siku chache tu baadaye. Iliyobaki upande wa kiini iliendelea kuishi, na ikaanza kuchipua. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Herbert Seddon alizipanga ajali hizi katika ngazi tatu zinazotumika hadi leo. Katika ya kwanza neva imebanwa tu, ujumbe umezuiwa, uzi mzima. Ni ule mkono unaolegea kifundoni kwa mlevi aliyelala na mkono umening'inia juu ya kiti, na hurudi ndani ya wiki kadhaa. Katika ya pili uzi umekatika lakini ala inayouzunguka imebaki, kwa hiyo chipukizi lina njia ya kufuata. Katika ya tatu kila kitu kimekatika, na bila mpasuaji chipukizi huzunguka kwenye kovu likawa fundo linalouma.

Afrika Mashariki tuna jeraha letu tunalolijua mno. Mtoto ana homa kali, anachomwa sindano ya kwinini takoni, usiku ule au kesho yake mguu umelegea. Neva kubwa ya mguu hupita humo, na tako la mtoto aliyekonda halina nyama ya kuikinga. Dawa yenyewe huiunguza hata sindano isipoigusa. Wauguzi hufundishwa kuchoma robo ya juu upande wa nje, na afadhali zaidi mbele ya paja upande wa nje, ambako hakuna neva kubwa ya kugonga. Kuja kwa artesunati, dawa nyingine ya malaria kali, inayotolewa kwa mshipa wa damu au pajani, kumepunguza ajali hizi. Bado zipo pale sindano inapochomwa na mtu asiye na mafunzo kwenye chumba cha nyuma cha duka, kwa sababu mzazi ameidai sindano akiamini kidonge hakina nguvu. Na mguu wa mtoto unaolegea ghafla lazima uripotiwe hata kama sababu inaonekana, maana polio nayo huanza hivyohivyo.

Chipukizi la neva hukua kama milimita 1 kwa siku. Kwa mtoto, kutoka takoni hadi unyayoni ni njia fupi na matumaini ni makubwa. Kwa mtu mzima ni sentimita 80 au zaidi: zaidi ya miaka miwili. Msuli uliokosa neva haungoji kiasi hicho. Baada ya miezi 12 hadi 18 unageuka nyuzi ngumu na mafuta, na neva ikifika haikuti wa kumwamuru.

Bodaboda wamelifanya tatizo hilo kuwa la kila wiki. Kijana anarushwa, bega linatangulia chini, kichwa kinavutwa upande wa pili, na zile neva 5 zinazotoka shingoni kwenda mkononi zinavutwa hadi kukatika, au kung'oka kabisa kwenye uti wa mgongo. Iliyong'oka hairudi, lakini mpasuaji anaweza kuazima neva za mbavu na kuziunganisha na msuli unaokunja kiwiko. Iliyokatika inaweza kuungwa kwa kipande cha neva ya hisia kutoka mguuni, na mgonjwa akalipa kwa ganzi ndogo pembeni mwa unyayo. Mtoto mchanga aliyekwama bega wakati wa kuzaliwa hupata jeraha la neva hizohizo. Wengi wao hupona wenyewe, lakini asiyekunja kiwiko akifika miezi 3 hastahili kuendelea kusubiri.

Daktari hufuatilia ukuaji kwa kidole tu. Anagonga kidogokidogo kufuata njia ya neva, na pale mgonjwa anaposhtuka na kuhisi mkono umepigwa shoti, ndipo chipukizi lilipofika. Wawili waliligundua hili mwaka uleule wa 1915, Hoffmann upande wa Wajerumani na Tinel upande wa Wafaransa, kila mmoja akiwatibu askari waliopigwa risasi na jeshi la mwenzake. Mwezi huu alama iko chini ya bega, mwezi ujao imeshuka sentimita 3. Ikigoma kusogea, mpasuaji anaingia. Kijana anayefika kwake mwezi wa tatu baada ya ajali na yule anayefika mwezi wa kumi na nane, baada ya kuchuliwa na kupewa vidonge vya B, wana jeraha lilelile kwenye faili. Wa kwanza anaungwa neva. Wa pili anaelezwa kuhusu kuhamisha kano, yaani kuchukua msuli unaofanya kazi na kuufunga mahali pa uliokufa, kama bado ana wa kuchukua.